Ova, Lakini Kwanza Salamu

Mpe Mmeru wokitoki, nami nasema haya nikiwa Mmeru wa Nkubu kwa baba na kwa mama, na jambo la kwanza atakalofanya ni kukusalimu. Akimaliza salamu ataulizia mvua. Akimaliza mvua atamuulizia mama yako, hata kama mama yako amesimama hapo kando yake. Muda huo wote kidole kimekaa kwenye kitufe, nawe uliye upande wa pili huna la kufanya, maana chombo hicho si simu. Anayebonyeza anasema, aliyeachia anasikia. Mmoja akibonyeza, wengine wote kwenye mawimbi hayo ni mabubu mpaka yeye atosheke. Na sisi watu wa mlimani hatutosheki upesi, hata tukiwa ndani ya mashua.

Najua swali lako: Meru na mambo ya mashua wapi na wapi? Ni kweli ukisimama hapa Makutano ukaulizia bandari, utapakiwa kwenye matatu ya Nairobi na kuambiwa uendelee mbele. Lakini teremka kupita Chuka na Runyenjes, pita Embu mjini, shuka Mbeere mpaka joto likushike shingo, utakuta maji ambayo mla viazi wa mlimani hakuyatarajia. Mto Tana umezibwa huko mara tano, mabwawa yakapangana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo lililotangulia kutoa umeme, mwaka 1968, na Kiambere likafunga orodha mwaka 1988. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo pana kuliko yote, ukingo mmoja Embu na mwingine Machakos. Serikali ilikuwa ikitafuta umeme. Viboko na mamba wakaona wamejengewa nyumba bila kuchangishwa. Kisha vyama vya kina mama na kina baba vikagundua kwamba pale ndipo pa kumalizia pesa za mwisho wa mwaka.

Chama chetu kilienda bwawa gani sisemi, kwa sababu mwenye mashua hununua viazi kwa mke wangu.

Tulikuwa wengi, tukagawanywa mashua mbili. Kila mashua ilipewa wokitoki moja, na ya tatu ikabaki ufuoni kwa mpishi aliyekuwa akichoma mbuzi. Hicho ndicho kilichokuwa kituo chetu cha uokoaji: mwanamume mmoja mwenye aproni, kisu mkononi, redio imening'inia kwenye msumari juu ya chumvi.

Nahodha wa mashua yetu alikuwa kijana wa pwani, aliyepanda huku bara kumfuata binti wa Kiritiri. Kabla ya hapo alikuwa akipeleka watalii kuvua samaki wakubwa huko Watamu, na huko redio si pambo. Alitupanga ufuoni, akatuamkia vizuri kama mtoto aliyelelewa.

"Wazee wangu, akina mama, shikamooni. Redio hii ni ya watu wote. Kabla hujasema, sikiliza kwanza kama kuna anayesema. Kisha mwite unayemtaka kwa jina la chombo chake, jitaje, sema haja yako kwa ufupi. Ukimaliza na unangoja jibu, sema ova. Mazungumzo yakiisha kabisa, sema aut. Msiseme ova na aut pamoja. Huwezi kumngoja mtu huku umeondoka."

Mama mmoja wa makamo, mwenye kiti chake mwenyewe cha plastiki alichobeba kutoka nyumbani, akainua mkono. "Na salamu je?"

"Salamu tumeshapeana hapa nchi kavu, mama."

Ukapita mnong'ono. Niliusikia vizuri sana. Kijana ana sura nzuri, lakini kwao hawakumfunza.

Yule kijana alitueleza, bila mtu kumsikiliza isipokuwa mimi, jinsi mambo yanavyokwenda baharini. Kuna chaneli moja, namba 16, masafa ya 156.8 megahezi, ambayo meli na mashua za dunia nzima huitegea sikio. Unaitumia kumwita mwenzako tu. Akishaitika, mnakubaliana chaneli nyingine, mnahamia huko na maneno yenu, na ile ya 16 mnaiachia mwenye shida. Ukikaa humo ukiuliza bei ya pweza Malindi, unaweza kuwa umemziba mdomo mtu anayezama hapo karibu. Mombasa kuna kituo cha uokoaji chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na tangu 2018 tuna pia walinzi wa pwani, na hao wote hawana haja ya kujua umeamkaje. Kupiga kelele ya hatari ya uongo ni kosa la kushtakiwa. Hata kujaribu redio yako kwenye 16, halo halo mnanipata, kunachukuliwa kuwa ni utovu wa adabu. Nilipofika hapo kumsikiliza nilikumbuka kwamba kwetu "halo halo mnanipata" ni nusu ya mazungumzo.

Tukapanda. Wakati huo maji yametulia, ndege wanashuka na kupanda, na mbuzi ameanza kunukia kutoka ufuoni. Hatujafika mbali, redio ikakwaruza.

"Halo? Halo? Mnanipata?" Ilikuwa sauti ya mwenyekiti, mashua ya pili. Hakuachia kitufe asikie kama tunampata. "Ningependa kuchukua nafasi hii..."

Namjua mwenyekiti wetu. Akisema hivyo, mtu mwenye akili hutafuta kiti. Kwanza aliwatambua waliohudhuria, akianza na waliokaa naye kwenye mashua moja, magoti yakigusana. Kisha akamkaribisha mama mchungaji atufungulie kwa maombi. Mama mchungaji akapokea redio, akabonyeza, akafumba macho. Nilimwona waziwazi, walikuwa umbali wa kurusha jiwe, na angesema kwa mdomo mtupu tungemsikia. Akaombea injini. Akaombea wajane, mayatima, bei ya majani chai na barabara ya kwao ambayo diwani ameisahau. Sisi wa mashua ya kwanza tukavua kofia. Kwenye maji, jua la Mbeere likiwa utosini, tukavua kofia kwa ajili ya wokitoki.

Baada ya amina, mweka hazina akamnyang'anya redio kwa upole. Alikuwa ameona fursa ambayo hajawahi kuipata tangu achaguliwe: wanachama wote wako hai, wote wanasikia, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoka nje kupokea simu. Akafungua daftari na kuanza kusoma wenye madeni. Alisoma jina, kiasi, mwezi, na mdhamini. Mpishi naye alikuwa akisikia yote, na tangu siku hiyo amekuwa akimtazama shemeji yangu kwa jicho la aliyejua.

Hapo ndipo nahodha wetu alipoona masikio mawili madogo na matundu mawili ya pua, kati ya ile mashua na matete. Kiboko hana haraka. Anachungulia kama mwenye nyumba anayesikia wageni sebuleni ambao hakuwaalika.

Kijana akachukua redio, akabonyeza, akasema kwa sauti ya kazi: kiboko mbele yenu, kulia, geukeni. Lakini redio inayosema haisikii. Mashua ya pili ilikuwa imefika kwenye faini za kuchelewa. Onyo likasafiri mpaka jikoni tu, likachanganyika na deni la shemeji yangu, na mpishi akaelewa kwamba shemeji anadaiwa na kiboko.

Akajaribu tena. Akangoja pengo, mahali ambapo binadamu wa kawaida hupumua. Mweka hazina hapumui akisoma hesabu. Mwishowe kijana akavua fulana, akaipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili, ishara ambayo dunia nzima inaielewa. Mama mchungaji akampungia mkono na kutabasamu.

Nahodha wa mashua ya pili, Mmbeere mkimya aliyekuwa ameacha kuwasikiliza abiria wake zamani, akamwona mnyama kwa macho yake mwenyewe na kugeuza injini. Kiboko akazama, akaibukia mbali. Ndipo mweka hazina akafunga daftari na kusema, kwa sauti ya mtu aliyesikiliza mafunzo kwa makini, "Ova na aut."

Ufuoni palikuwa na ugomvi mdogo wa heshima. Kijana alimwambia mwenyekiti, macho chini, kwamba mzee alishika kitufe muda mrefu. Mwenyekiti akajibu kwamba kwetu mtu hakatizwi akisema. Nenda Nchiru, kwenye nyumba ya Njuri Ncheke, uone kama mzee akisimama kuna mwingine anayefungua mdomo. Kijana akasema, "Ndivyo hivyo hivyo redioni, mzee wangu. Haikatiziki. Ndiyo maana tunaomba mseme kidogo." Mwenyekiti akamkatia kijana kipande kikubwa cha mbavu, ambayo ndiyo njia yetu ya kukubali bila kukubali.

Sasa nitawatetea watu wangu kidogo, halafu nirudi kulalamika. Kwetu, mtu anayeingia kwenye neno bila salamu ana mambo mawili tu: anataka kukopa, au kuna mtu amefariki. Simu fupi ni simu mbaya. Ndugu yako akikupigia akasema tu, "Uko wapi? Kaa chini kwanza," unakaa, na mke wako jikoni anazima jiko. Kwa hiyo ukimfundisha mama wa Igoji kwamba adabu ya redio ni kumwita mtu, kujitaja na kusema neno lako kwa sekunde chache, unamfundisha kuongea kama mleta msiba. Kila mara yule kijana alipoita, "Mashua ya pili, hapa mashua ya kwanza, ova," akina mama walishika vifua.

Lakini kuna wakati ambapo msiba ndio wenyewe unaokuja. Baharini wana utaratibu wa kuuita msaada, na mpangilio wake haubadiliki: Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, uko wapi, umepatwa na nini, unataka msaada gani, mko watu wangapi, ova. Mahali ulipo panatangulia karibu kila kitu, kwa sababu betri ikifa ukiwa umeshasema ulipo, angalau watajua waje kutafuta wapi. Sasa mpe utaratibu huo mtu wa kwetu.

"Halo. Halo? Ni nani hapo? Hapana, wewe ndiye nani, mimi ndiye niliyepiga. Muga! Hamjambo huko? Mmepata mvua? Sisi huku tunashukuru, maji tunayo, yamefika magotini. Unakumbuka nilikwambia nanunua mashua? Nilinunua kwa yule wa Igoji, ambaye dada yake aliolewa Chogoria, hapana, si yule mkubwa, yule wa pili, aliyekuwa mwalimu. Sasa hiyo mashua, usiseme ni mimi nimesema, ina kashimo kadogo. Si jambo la haraka. Ukimaliza kukama ng'ombe..."

Na hata hapo hajasema yuko bwawa gani.

Nilidhani historia ingenisaidia, nikawasimulia wenzangu habari za Titanic tukiwa njiani kurudi. Usiku wa Aprili 14, 1912, meli nyingine, Californian, ilikuwa imesimama katikati ya barafu. Fundi wake wa redio, Cyril Evans, akaipigia Titanic kuijulisha. Alianza kirafiki, akamwita mwenzake mzee, bila kutanguliza alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umetoka kwa nahodha kwenda kwa nahodha. Fundi wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa akihangaika na telegramu za abiria kwenda kituo cha Cape Race. Mawimbi ya Evans yalitoka karibu mno, yakampiga masikioni. Akamwambia anyamaze, ana kazi. Evans akanyamaza, akasikiliza kidogo, akazima redio, akalala. Saa tano na dakika arobaini usiku Titanic ikagonga barafu. Watu wapatao 1,500 wakafa, na jirani mwenye masikio amelala. Baada ya hapo ndipo mataifa yalipokaa chini kuandika sheria za meli kutega sikio usiku na mchana.

Matatu nzima ilinyamaza. Nikadhani nimeeleweka. Kisha mweka hazina akasema kosa lilikuwa la Phillips: mtu amemsalimu vizuri, amemwita mzee, na yeye badala ya kuitika anamfukuza. Wote wakakubaliana. Mama mchungaji alisema hata yeye asingemwambia tena habari za barafu.

Nikaacha.

Tatizo halikai kwenye maji. Nenda harusi yoyote Jumamosi hii, uone vijana wa kamati ya usalama wenye wokitoki kiunoni na miwani ya jua. Mmoja yuko getini, mwingine yuko kwenye hema, wanaonana, na bado anamwita kwa redio kumwambia kwamba anamwona. Nenda duka kubwa lolote mjini, soja wa mlango wa mbele anamsimulia soja wa mlango wa nyuma mechi ya jana, na meneja aliyeibiwa mafuta ya kupikia anangoja zamu yake hewani. Na kelele! Mtu wa kwetu hupaza sauti kulingana na umbali. Wa Nkubu anaongelewa kwa kawaida, wa Isiolo anapigiwa kelele, na wa Marsabit ni lazima usimame. Mpigie hesabu ya fizikia, mwambie mawimbi haya huenda moja kwa moja, kwamba kinachoyazuia ni kilima, na kwamba kelele yako haiwezi kupanda Kiang'ombe ikashuka upande wa pili. Weka redio mbali kidogo na mdomo, sema polepole, sauti ya mezani. Atakubali, atasogeza redio mbali na mdomo, kisha atapaza sauti zaidi kwa sababu sasa redio iko mbali.

Tuna Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na watangazaji wa vituo vya nyumbani nawahurumia wote. Mpigaji anaingia hewani huku redio yake ikiwa mezani kwa sauti ya juu, inalia mluzi wa kutoboa meno. Mtangazaji anaomba, punguza redio yako. Mpigaji anasikia ombi hilo likitoka kwenye redio, anasikiliza kwa makini aone ni nani huyo asiyepunguza redio. Kisha anaanza kuwasalimu wanaomsikiliza, mmoja baada ya mwingine, mpaka muda wa matangazo ya kibiashara. Swali la siku lilikuwa bei ya maziwa.

Chama hakijakata tamaa. Tumeamua kununua wokitoki zetu wenyewe, za harusi, mazishi na matembezi, na mimi nimepewa kazi ya kufuatilia leseni ya masafa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa ndimi niliyeonekana nikimsikiliza kijana wa pwani. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba tuwe na alfabeti yetu ya kutajia herufi. Wazungu walisanifisha ya kwao mwaka 1956, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, na nikaona si lazima mama wa Igoji amtaje Charlie asiyemjua. Tutumie miji yetu.

Tulianza vizuri. C ikawa Chuka, E ikawa Embu kwa heshima ya shemeji zetu, L ikawa Laare, N ikawa Nkubu bila kupigiwa kura kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu, R Runyenjes, U Uruku. S ilitutisha, ikaokolewa na Siakago. T ilileta maneno kati ya Timau na Tigania, ikapita Timau kwa kura moja. Z tukasema iwe Zanzibar, mgeni hana ubaya. X akapewa mweka hazina, ajue la kufanya nayo. Halafu tukafika M. Maua akasimama. Mikinduri akasimama. Mitunguu, Muthara, Mutuati, na mke wa mtu kutoka Marimanti ambaye hakuwa amesema neno tangu saa nne, wote wakasimama, wote wakisema kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Herufi M imepelekwa kwenye kamati ndogo ya watu watatu na mchungaji mmoja. Mpaka watakapokutana, tukitaka kutaja neno Meru hewani, tunasema Embu, Runyenjes, Uruku, na kumwomba msikilizaji atangulize ile herufi iliyo mahakamani.